Mzee akisema "siku hizi nasahau"

Mzee wa nyumbani akisema kwamba anasahau, hapa Ujiji hujibiwa upesi kuwa "huo ni uzee", na mazungumzo huishia hapo. Kwa kumtunza mama yangu mkubwa, aliyeuza mawese sokoni hata baada ya kuvuka miaka 70, nimejifunza kwamba jibu hilo hutolewa mapema mno.

Si kila usahaulifu ni ugonjwa. Kusahau jina la jirani asubuhi na kulikumbuka jioni ni kawaida, na wengi wanaolalamika hivyo hawapati dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoharibu kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ingawa malalamiko yasiyokoma yanaongeza uwezekano kiasi cha kustahili uchunguzi. Kilichonitia shaka kwa mama mkubwa ni hesabu: yeye aliyezoea kurudisha chenji huku akipiga soga alianza kumpa mteja chenji iliyozidi fedha aliyopokea, na alipoelezwa alikasirika, kwa kuwa hakuona kosa lolote. Ugonjwa ukishaingia, mara nyingi wanaolalamika ni watu wa nyumbani, si mgonjwa.

Mpeleke hospitali ukiwa na dawa zote anazotumia, zikiwemo za mafua na mzio zinazouzwa bila cheti, maana baadhi yake, kama klofeniramini, huvuruga kumbukumbu za wazee. Omba apimwe presha, sukari, macho na masikio, na aulizwe kuhusu huzuni, hasa kama amefiwa. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni, na upungufu wa vitamini B12 hufanana na dimenshia, lakini hutibika. Kuchanganyikiwa kulikoanza ghafla ni dharura. Huenda ni malaria, maambukizi ya mkojo au kiharusi.

Masikio nayasisitiza. Jopo la wataalamu la jarida la Lancet mwaka 2024 lilitaja vihatarishi 14 vinavyoweza kurekebishwa, ambavyo kwa pamoja vinahusishwa na takribani asilimia 45 ya dimenshia duniani, na kupungua kwa usikivu ni miongoni mwa vile vikubwa. Mzee asiyesikia huacha kwenda barazani, na upweke nao umo katika orodha hiyo hiyo.

Linaloniuma zaidi ni bibi anayetangatanga usiku kuitwa mchawi, ilhali ni mgonjwa. Vikongwe wameuawa kwa shutuma za namna hiyo.

Kabla ya kwenda hospitali, andika daftarini matukio na tarehe zake. Mzee wa miaka 60 na zaidi asiye na uwezo hutibiwa bila malipo katika vituo vya serikali, hivyo kuhusu kitambulisho cha matibabu hayo muulize afisa ustawi wa jamii.