Mchwa katika boriti za nyumba ya babu

SWALI: Ndugu Mhariri, assalaam alaykum. Nyumba tuliyorithi kwa babu yetu hapa Mji Mkongwe, Zanzibar, ina dari ya boriti na mlango wa msaji wenye nakshi. Tangu masika tumeona njia za udongo zikipanda ukutani nyuma ya tangi la maji, na chini ya boriti za ghorofani hudondoka chembe kavu mfano wa mbegu za mchicha. Fundi mmoja ametushauri tupake oili chafu ya gari kila mahali, na mwengine anasema boriti zote zitolewe, imwagwe zege. Tumsikilize nani? Na mlango tuufanyeje?
Msomaji, Unguja

JIBU: Waalaykum salaam. Msimsikilize yeyote kati yao, kwani dalili mlizozitaja ni za wadudu wawili wasioishi kwa namna moja. Njia za udongo ni kazi ya mchwa wa ardhini, ambaye akikosa unyevu hufa upesi, ndiyo maana hujijengea kichochoro cha tope cha kumfikisha kwenye mbao. Zile chembe ni kinyesi cha mchwa wa mbao kavu. Huyu hahitaji ardhi. Huishi ndani ya boriti yenyewe tangu siku kumbikumbi wawili, dume na jike, walipojipenyeza katika ufa, na mara kwa mara hutoboa tundu akasukuma taka zake nje. Mkizitazama kwa kioo cha kukuzia mtaona zina pande sita. Ingekuwa ni unga laini, ningeshuku fukusi.

Wa ardhini ashughulikiwe kwanza, maana ndiye mwenye kula kwa kasi, na mimi ningeanza na hilo tangi kabla ya kununua dawa yoyote. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunyonya maji na kuyatoa taratibu zikiachwa zipumue. Zikipigwa plasta ya saruji, unyevu hufungika ndani na kuzifikia ncha za boriti zilizochomekwa ukutani, ambako mbao huanza kuoza na mchwa akakaribishwa. Wako wanaopiga dawa mwaka hadi mwaka na bomba linavuja vilevile. Zibeni uvujaji, safisheni mifereji ya paa, bandueni saruji pale ukuta unapotoa chumvi na mrudishie chokaa, kisha mvunje zile njia za udongo na kuangalia baada ya siku chache kama zimejengwa upya.

Zikijengwa upya, dawa ya udongoni itahitajika, lakini aitie mtaalamu mwenye leseni, naye aambiwe mapema kama uani kuna kisima, jambo ambalo si geni katika nyumba zetu za zamani. Dieldrini na klorideni, dawa walizozitegemea wazee wetu, zimepigwa vita na Mkataba wa Stockholm wa 2001 kwa sababu sumu yake hudumu ardhini miaka mingi; mkiletewa kopo la zamani, likataeni.

Kuhusu boriti, igongeni kila moja kwa mpini wa bisibisi, hasa karibu na ukuta, na mtakaposikia uwazi wekeni alama ya chaki. Hizi ni nguzo za mikoko, ambazo urefu wake ndio uliopanga upana wa vyumba vyetu, na iliyoliwa huweza kubadilishwa peke yake baada ya dari kuegemezwa, bila kuzigusa zilizo nzima. Zege ni mzigo ambao kuta hizo hazikujengewa, na nondo zake zitaliwa na chumvi ya pwani. Boriti zilizo nzima na kavu zipakwe chumvi za boroni, yaani dawa ya mbao ya kuyeyushwa kwa maji, mara mbili au tatu, kwa vipimo vya kwenye pakiti. Oili chafu haipenyi ndani, huchafua dari, huchochea moto, na huziba njia ya dawa itakayokuja baadaye.

Msaji husifiwa kuwa hauliwi, sifa inayostahiki moyo wa mti tu. Sehemu ya nje yenye rangi nyeupe huliwa kama mbao nyingine. Chunguzeni kizingiti na miguu ya miimo, mahali maji ya kupigia deki yanapotuama kila asubuhi. Nakshi zisafishwe kwa brashi laini, kavu. Boroni huyeyuka kwa mvua, hivyo upande wa barabarani hautaifaidi sana.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2000, kwa hiyo kabla ya kutoa boriti hata moja, ombeni kibali kwa Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe. Na kumbikumbi watakaporuka, fungeni madirisha ya ghorofani jioni. Mkikuta mbawa zimetapakaa asubuhi chini ya boriti fulani, hiyo ndiyo ya kuchunguzwa mwanzo.