MASWALI YA WASOMAJI: Kalenga pana nini cha kuona?

SWALI: Shikamoo kaka. Mwezi wa nane tunatoka Morogoro na gari kwenda Ruaha kuangalia wanyama, mimi na mume wangu na watoto wawili wa sekondari. Nataka tupitie Kalenga ila shemeji yangu anasema tusihangaike, eti ni kachumba kamoja na fuvu basi, dakika kumi umemaliza. Ni kweli?
Mama wawili, Morogoro

JIBU: Marahaba dada. Jengo la makumbusho ni dogo kweli, hilo shemeji hajakosea, lakini watu wengi wanaingia, wanaangalia fuvu la Mkwawa, wanapiga picha wanaondoka, na uwanja wa vita wenyewe uko nje! Kalenga nzima ilikuwa ngome ya Mkwawa, yule mtemi wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, imekaa kando ya mto Ruaha Mdogo, na ndiyo Wajerumani waliivunja tarehe 30 Oktoba 1894.

Na nyie mnatokea Morogoro, kwaiyo bahati yenu, kabla ya kufika Iringa mjini mnapita Lugalo. Simamisheni gari hapo kwanza. Tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walikivizia kikosi cha Wajerumani chini ya kamanda Zelewski, yule aliyeitwa Nyundo, wakakimaliza kwa dakika chache tu na yeye mwenyewe akauawa, wakachukua bunduki kama 300 na mizinga. Ile kambi ya Lugalo ya Dar jina limetoka hapo, waulizeni watoto kama wanajua, wengi hawajui na inaniuma sana. Sasa kinachotokea Kalenga ni kisasi cha Lugalo, Wajerumani walikaa miaka mitatu wakijipanga ndo wakaja na gavana wao von Schele na ofisa wao Tom von Prince, yule aliyeitwa Sakarani.

Mkifika Kalenga, kama kilomita 15 kutoka mjini kwa barabara hiyohiyo ya Ruaha, msalimieni mtunzaji kwa Kihehe, "kamwene", afu mwombeni awatoe nje. Awaonyeshe upande wa Tosamaganga, kile kilima kinaonekana vizuri kabisa, wenyeji wanasimulia mizinga ilipigwa kutokea kule. Hapo mtoto wa sekondari anaelewa mwenyewe bila kuhubiriwa, ukuta umejengwa kuzuia watu wenye mikuki na bunduki, mzinga unapigwa kutoka mbali, utafanya nini? Na bado watu walipigana humo ndani nyumba kwa nyumba. Ukuta wenyewe msitegemee kuukuta umesimama, yamebaki mabaki na kijiji kiko juu yake, watu wanalima wanaishi, kwaiyo ombeni ruhusa kabla ya kukatiza shamba la mtu. Mtoni shukeni taratibu, mwezi wa nane ni kiangazi maji yanapungua, ila watoto wasiogelee.

Fuvu nalo lina habari ndefu. Lilitajwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, kwamba Ujerumani irudishe, likaja kurudi mwaka 1954. Twining, gavana Mwingereza wa Tanganyika, alikuta mafuvu mengi kwenye makumbusho ya Bremen kule Ujerumani, akachagua kwa kulinganisha vipimo na vya ndugu wa Mkwawa, ndo maana hadi leo wapo wanaobishana kama ndilo. Mimi nasema ingieni kwa heshima, ni mtu yule, ana wajukuu wako hai, na ulizeni kabla ya kupiga picha. Hapohapo nje kuna kaburi la Chifu Adam Sapi Mkwawa, aliyekuwa Spika wa Bunge letu.

Tengeni masaa mawili. Hela taslimu muwe nayo ya kiingilio na ya kumshukuru mtunzaji.

SWALI: Kaka naomba unitatulie ubishi wa kijiweni, Mkwawa alifia Kalenga au wapi?
Msomaji, Mafinga

JIBU: Hakufia Kalenga ndugu yangu. Kalenga ilipoanguka yeye alitoka, akapigana vita vya msituni karibu miaka minne, wananchi wakimficha na kumlisha, hata Wajerumani walipotangaza zawadi nono. Tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi pale Mlambalasi asikamatwe, Wajerumani wakamkata kichwa. Kiwiliwili kimezikwa hukohuko Mlambalasi, nacho ni barabara ya kwenda Ruaha, ukitoka Kalenga unaendelea mbele tu. Mama wawili wa Morogoro na wewe soma hapa, ukiwa na gari unaweza kupita zote mbili siku moja.