Kumpa mwanasiasa wa chuki nafasi redioni: nini hukumu yake?

SWALI: Assalaam alaykum Sheikh. Naishi Uingereza na najitolea katika redio ndogo ya mtaani kwetu. Uchaguzi wa madiwani umekaribia, na kuna chama kinachotaka wahamiaji warudishwe makwao, Waislamu tukiwa wa mwanzo. Wenzangu wanasema kimesajiliwa, kipewe nafasi kama vyama vingine. Kipindi nitakiendesha mimi. Je, nitakuwa nimeshiriki dhambi?

JIBU: Wa alaykumus-salaam warahmatullah.

Ndugu yangu, kuiacha batili isikike si dhambi yenyewe kwa yenyewe. Nabii Musa (a.s.) alipokabiliana na wachawi wa Firauni, yeye ndiye aliyechagua siku ya sikukuu, watu wakusanyike wakati wa dhuha, kisha akawaambia watupe wao kwanza (Taha 20:59–66). Lakini Musa alikuwepo pale kuwajibu. Basi uliza: studioni atakuwepo nani wa kujibu?

Nchini Rwanda hakuwepo. RTLM, redio ya Wahutu wenye siasa kali, ilianza kutangaza Julai 1993, na Jean-Bosco Barayagwiza, mmoja wa waasisi wake, ndiye pia aliyekuwa mwasisi wa CDR, chama cha Wahutu wenye siasa kali. Watutsi wakaitwa inyenzi, yaani mende, na katika mauaji ya 1994 yakasomwa hata majina ya watu na mahali walipo. Mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha ilimtia Barayagwiza hatiani mwaka 2003 pamoja na wenzake wawili. Kwa redio ya namna ile sina kauli mbili: kuifanyia kazi ni haramu, hata kama kazi yako ni kuwasha mitambo tu. Allah amesema: “wala msisaidiane katika dhambi na uadui” (Al-Maida 5:2).

Huko kwenu, tarehe 22 Oktoba 2009, BBC ilimwalika Nick Griffin, kiongozi wa BNP, chama cha siasa kali za kupinga wahamiaji, katika Question Time, kipindi chake cha mjadala wa kisiasa, baada ya chama chake kupata viti viwili vya Bunge la Ulaya. Watu waliandamana nje, na uchungu wao naufahamu. Ila ndani alikaa na wapinzani wake, akaulizwa kuhusu kukana kwake mauaji ya Wayahudi, akashindwa kujieleza. Sisemi kipindi kile ndicho kilichokiangusha chama chake, ingawa mwaka uliofuata hakikupata hata kiti kimoja katika Bunge la Uingereza.

Kwa hiyo mpokee msemaji wa chama hicho ulichokitaja, lakini asizungumze peke yake. Mtafutie wa kumjibu, mwenye ujuzi, si mwenye hasira. Wala usimwonee kwa kuyakata maneno yake yakageuka maana: “Wala kuchukiana na watu kusikupelekeeni kutofanya uadilifu” (Al-Maida 5:8). Hili nalisisitiza kwa kuwa wewe mwenyewe ni miongoni mwa anaowataka waondoke, na nafsi hutamani kulipiza. Akianza kutukana watu kwa asili yao au kuchochea wadhuriwe, mzimie kipaza sauti papo hapo. Aya ya An-Nisa 4:140, ya kutokaa na wanaozifanyia stihizai Aya za Allah, naipima hapa pia.

Wenzako wakikataa masharti haya, usikiendeshe kipindi hicho, na uwaeleze sababu waziwazi.

Wallahu a'lam.