Ukishuka Muscat kwa siku moja, panga saa zako kwanza

Muscat, mji mkuu wa Oman, kitakachokuharibia siku ni saa, wala si pesa. Mji unaamka mapema, adhuhuri unajifungia ndani, kisha unafunguka tena alasiri. Meli za utalii, ambazo msimu wake huko ni kati ya Oktoba na Aprili, mara nyingi hutia nanga asubuhi na kung'oa jioni. Anayekaa mezani na kifungua kinywa mpaka saa nne atafika sokoni wauzaji wakifunga milango. Nimefanya kazi ya vyumba melini, na malalamiko ya abiria waliorudi kutoka Muscat yalikuwa yale yale: "Tumekuta kumefungwa."

Kwa hiyo anza na cha mbali. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, uko kama kilomita 20 kutoka bandarini. Wasio Waislamu huruhusiwa kuingia saa mbili hadi saa tano asubuhi, Jumamosi mpaka Alhamisi. Ijumaa hawaingii. Muislamu anaenda kusali kama msikiti wowote. Mwanamke afunike nywele, mikono hadi viganjani na miguu hadi vifundoni, na mwanamume asiende na kaptura. Ndani utapitishwa juu ya kitambaa cha buluu kilichotandikwa ili usikanyage zulia lenyewe, na ukiliona utajua kwa nini: mita 70 kwa 60, tani 21, kazi ya wanawake 600 wa Iran kwa miaka minne. Sogea uangalie maua yake kwa karibu kabla hujainua kichwa kwenye taa kubwa ya dari, maana ukianza na taa hutaangalia chini tena.

Kuhusu teksi. Bandari ya Mutrah, ndipo meli zinapotia nanga, hairuhusu kutembea kwa miguu ndani, kuna basi la bure mpaka getini, na getini ndipo madereva wanakungoja. Ukiambiwa "ishirini", usiitikie haraka. Ishirini nini? Rial moja ya Oman ni zaidi ya dola mbili na nusu za Marekani, kwa hiyo rial 20 ni zaidi ya dola 50. Uliza pia kama bei ni ya gari zima au ya kila kichwa, na kama ni kwenda tu au kwenda, kungojwa na kurudi. Maliza hayo yote kabla ya kugusa mlango.

Rudi Mutrah kabla ya saa tano na nusu, utapata muda mzuri wa soko. Kutoka getini ni mwendo mfupi tu kando ya bahari. Pitia kwanza soko la samaki, lililo karibu na bandari. Nguru na jodari utawajua, ila usafi wa meza zile utakutia wivu kidogo.

Sokoni penyewe, usimalize pesa kwenye ujia wa mbele. Pale ni shali za kutoka nje na sumaku za kubandika kwenye friji. Ingia ndani, kwenye vichochoro, unakotoka moshi wa ubani. Ubani wa Dhofar, mkoa wa kusini mwa Oman, huuzwa kwa madaraja: ule mweupe wenye rangi ya kijani kidogo ndio ghali, ule wa manjano iliyokolea ni wa kufukizia nyumba kila siku. Mwambie muuzaji achome kipande, naye hatakataa. Kofia nayo ina siri yake. Igeuze ndani nje. Ya mkono utaona nyuzi na vitundu havilingani sawasawa, na bei yake ni ya miezi ya kazi ya mtu. Ya mashine imenyooka kama rula na haistahili bei hiyo hata muuzaji akiapa. Ijumaa asubuhi maduka mengi hayafunguliwi kabisa, ungoje jioni kama meli itakuruhusu.

Halafu sema Kiswahili. Wako Waomani wa umri mkubwa waliozaliwa au kulelewa Unguja, Pemba au Mombasa, na wengi wao walirudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Nilimwamkia mzee mmoja aliyekaa nje ya duka, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi?" Mombasa. "Mombasa mtaa gani?" Hapo bei ya udi tuliisahau, tukaingia kwenye habari za Mji wa Kale. Punguzo nililipata baadaye bila kuliomba.

Saa saba jua linapowaka na soko linafungwa, nenda Muscat mjini kwenyewe, kilomita chache kutoka hapo. Kasri la Al Alam utalitazama kwa nje tu, na ngome za Wareno, Mirani na Jalali, ziko juu ya miamba kulia na kushoto kwake. Mbele ya kasri kuna Makumbusho ya Taifa, yaliyofunguliwa mwaka 2016. Siku za kawaida hayafungi adhuhuri, na yana ubaridi wa kutosha. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa hadharani mchana, hata maji ya chupa.

Jambo la mwisho: Oman iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki, na saa ya meli huenda isilingane na ya nchi kavu. Simu yako hubadilika yenyewe, meli haibadiliki. Soma saa ya mwisho ya kurudi iliyobandikwa mlangoni unaposhuka, na uwe getini saa nzima kabla ya hapo, kwa sababu foleni ya basi wakati huo ni ndefu.