Maswali na majibu: Sarafu iliyokosewa au iliyoharibika?

*Shikamoo mzee. Nina senti kumi ya Afrika Mashariki ya 1936 yenye jina la Edward wa Nane, lakini haina sura ya mfalme. Nimeambiwa ilikosewa kiwandani. (Msomaji, Tanga)*

Marahaba. Haikukosewa. Senti tano na senti kumi zilikuwa na tundu katikati, kwa hiyo sura ya mfalme haikuwa na pa kukaa; hata za George wa Tano, baba yake, zina taji na maandishi tu. Edward alitawala tangu Januari hadi Desemba 1936 akaachia kiti kabla ya kutawazwa, na sarafu hizi zenye tundu zikafika sokoni zikiwa na jina lake. Ukiona herufi H au KN, hizo ni alama za viwanda viwili vya Birmingham, Heaton na King's Norton. Cha kukodolea macho ni tundu lililokaa upande, au sarafu isiyo na tundu kabisa.

*Babu alituachia heller 20 ya Mjerumani, 1916. Maandishi yamepinda na upande mmoja umefifia. Nimpelekee nani? (Msomaji, Tabora)*

Umenifurahisha, maana sarafu hiyo ilizaliwa huko huko kwenu. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, chenji ikaadimika, Wajerumani wakaanza kufua sarafu katika karakana ya reli ya Tabora. Ndiyo maana ya ile T ndogo. Walitumia shaba nyeupe na shaba nyekundu waliyoipata, yakiwemo maganda ya risasi za mizinga, hadi Wabelgiji walipoingia mjini Septemba 1916. Kwa kazi ya haraka namna ile, kupinda na kufifia ni kawaida. Chukua lenzi utazame zile L mbili za neno HELLER: ncha zake zimechongoka au zimejikunja? Kisha tazama ukubwa wa taji. Tofauti hizo ndizo wakusanyaji wanazozilipia, na mjuzi wa sarafu za makoloni ya Ujerumani atazitambua hata kwa picha nzuri.

*Nina sarafu yenye kichwa pande zote mbili! (Msomaji, Nakuru)*

Karibu zote za aina hiyo ni kazi ya fundi wa mashine: sarafu moja huchimbwa ndani, nyingine huchongwa ikaingizwa humo. Pitisha ukucha ndani ya ukingo utafute mshono.

*Mjomba alirudi kutoka Marekani na senti ya shaba ya 1943. Nitajuaje ni ya kweli, na nifanyeje ili wataalamu waithibitishe? (Msomaji, Dar es Salaam)*

Dada, hapa tuende polepole. Mwaka 1943 Wamarekani waliiweka shaba kwa ajili ya vita, senti zikafuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki. Chache mno zilitoka za shaba kwa bahati mbaya, na bei yake ni kubwa sana, ndiyo maana za bandia zimejaa.

Anza na sumaku. Ikinasa, ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba. Isiponasa, nenda kwa sonara akupimie kwa mizani yake: ya shaba huwa gramu 3.11 hivi, ya chuma 2.7. Lakini usishangilie bado, kwa sababu wapo waliochukua senti ya shaba ya 1948 wakaichonga ile 8 ikawa 3. Hiyo itapita sumaku na mizani. Hapo ndipo unapomhitaji mtaalamu mwenye hadubini.

Piga picha pande zote mbili na ukingo, mwanga utokee ubavuni, na kando yake uweke senti ya kawaida. Tuma picha kwanza. Nyumba nyingi za mnada hutoa maoni kwa picha. Wakikutia moyo, ndipo uitume PCGS au NGC, kampuni za kukagua sarafu kule Marekani, ambazo huikagua na kuifungia ndani ya kasha la plastiki lenye maelezo yake. Ada, posta na bima ni zako, na kwa kosa dogo gharama huipita sarafu yenyewe.

Nakusihi, usiisugue kwa ndimu, majivu wala dawa ya meno. Ngozi ya juu ikishaondoka hairudi, na mtaalamu ataandika kwenye kasha kwamba ilisafishwa. Na anayekudai "ada ya usajili" kabla hata hajaiona, mkatie simu.