Kuhesabu wanyama wanaorudi kwenye ardhi: andika na sifuri

Mkuu, umesema ardhi yako ina miaka 2 tangu uache kulima na kuchunga, vichaka vimeanza kushika, usiku unasikia milio usiyoizoea, na sasa unataka kununua kamera 4 za porini, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, ujue ni wanyama gani wanarudi. Umeuliza pia kama usubiri vichaka vikomae kwanza. Mimi niko mwaka wa 8 kwenye kazi hiyo hiyo, hekta 12. Kamera nunua, zitakusaidia sana. Ila naomba zisiwe kitu cha kwanza, maana miaka yangu 2 ya mwanzo haikupotea kwa kukosa vifaa.

Nilikuwa na daftari, na kila nilichokiona nilikiandika: sungura, nyayo za mbweha, nyoka aliyekatiza njia. Mwaka wa kwanza nilipata aina 31 za ndege, wa pili 58. Nikatangaza kwa kila mtu kwamba ardhi imefufuka. Baadaye nikakaa kuhesabu safari zenyewe: mwaka wa kwanza nilikwenda mara 14, wa pili mara 43, tena nikiwa na darubini nzuri zaidi na masikio yaliyokwisha kuzoea. Huenda ndege waliongezeka kweli. Lakini daftari lile lilikuwa limepima miguu yangu, na miaka ile siwezi kuirudisha nihesabu upya.

Kwa hiyo weka utaratibu mmoja usiobadilika, hata ukiwa mdogo. Mimi nina vituo 4 tu vya kuhesabia ndege, vimeachana kama mita 200 ili nisimhesabu ndege mmoja mara mbili. Nasimama dakika 10 kila kituo, alfajiri, mara 5 kila msimu. Naandika saa ya kuanza, upepo, mawingu, na nani alihesabu. Kila aina ninayoifuatilia ina safu yake, na nisipoiona naandika 0. Nafasi tupu ni kitu kingine kabisa: mwakani hutakumbuka kama mnyama hakuwepo au wewe ndiye hukwenda.

Hizo mara 5 zina sababu. Chukua ndege ambaye yupo kweli, lakini kila ukienda una nafasi ya asilimia 30 tu ya kumwona au kumsikia. Ukienda mara moja, kuna asilimia 70 ya kumkosa. Ukienda mara 5, uwezekano wa kumkosa mara zote unashuka hadi kama asilimia 17. Mara 10, kama asilimia 3. Anayekwenda mara moja na kusema "hayupo" hajasema kitu.

Vipepeo vivyo hivyo. Uingereza wanawahesabu kwa mpango wa kitaifa tangu 1976, na mbinu yenyewe haihitaji fedha: mtu anatembea njia ile ile kila wiki ya msimu, anahesabu waliomo ndani ya mita 2.5 kila upande na mita 5 mbele yake, basi. Mbinu hiyo imedumu kwa sababu yeyote anaweza kuirudia vile vile mwaka unaofuata.

Sasa nije kwenye jambo ambalo sikuambiwa na mtu, na nadhani ndilo litakalokusumbua zaidi. Ardhi inavyozidi kupona, ndivyo unavyozidi kutoona kitu. Mwanzoni shamba ni wazi, sungura unamwona mita 80. Nyasi zikipanda, unamwona mita 20. Vichaka vikifunga, unasikia kishindo tu. Mwaka wa 5 hesabu yangu ya sungura kwa macho ilianguka vibaya na nikaumia moyo, nikidhani mbweha wamewamaliza. Kumbe vinyesi vyao kwenye viwanja vidogo nilivyokuwa nikivisafisha na kuvihesabu vilikuwa vimeongezeka. Sungura walikuwepo, nyasi ziliwaficha. Tangu hapo kila ninapohesabu kwa macho napima pia umbali wa mnyama niliyemwona, na nina angalau dalili moja isiyotegemea macho: vinyesi, nyayo kwenye kipande cha mchanga ninachokisawazisha jioni, au sauti.

Sauti hasa. Pale Knepp, shamba kubwa kusini mwa Uingereza, ambako tangu 2001 waliacha kilimo kwenye hekta kama 1,400, vichaka vya miiba vimewarudisha tetere wa Ulaya waliokuwa wakitoweka nchini humo. Hao huhesabiwa kwa madume yanayoimba, maana kwenye miiba ile jicho halipenyi. Ukipata kinasa sauti kidogo, kiwashe dakika 10 za mwanzo wa kila saa, usiku na alfajiri, na usifute faili hata moja. Programu za kutambua sauti za ndege zinakua haraka, rekodi ya leo utaisikiliza upya kwa chombo bora. Lakini usikubali jina lililotolewa na programu kabla masikio yako hayajalihakikisha, hasa likiwa la ndege adimu.

Kamera nazo hupatwa na tatizo lile lile la nyasi. Zilizo nyingi huamshwa na tofauti ya joto kati ya mwili unaopita na mandhari ya nyuma, kwa hiyo adhuhuri ya joto kali mnyama anaweza kupita asinaswe, na jani linalochezacheza juani likakujazia picha 3,000 tupu. Zifunge kama sentimita 40 hadi 50 kutoka ardhini kwa wanyama wadogo na wa kati, usizielekeze mashariki wala magharibi, na hakikisha saa na tarehe kila unapobadili betri. Kisha tembea mbele ya kamera kwa kuchutama, uone inakunasa hadi mita ngapi, uandike. Mimi kamera yangu ya tatu ilishuka kutoka mita 12 hadi mita 5 kwa msimu mmoja. Bila kipimo hicho ningesema wanyama wamepungua zaidi ya nusu.

Usizihamishe kila mara kufuata picha nzuri. Natamani sana ulishike hili, maana hamu ni kubwa. Hesabu zako zigawe kwa usiku ambao kamera ilikuwa hai, sema kwa kila usiku 100, na picha za aina moja ya mnyama zilizopigwa ndani ya nusu saa zihesabu kama tukio moja. Hata hivyo usiite namba hiyo idadi ya wanyama. Mbweha mmoja mwenye mazoea anaweza kukupa matukio 60.

Pia tafuta kipande cha jirani ambacho bado kinalimwa, uombe ruhusa ya kusimama vituo 2 pale. Mwaka wa 4 mvua zilikuwa nzuri na ndege wangu wakaongezeka karibu theluthi. Kwa jirani waliongezeka vile vile. Ongezeko lile lilikuwa la mvua.

Na usitegemee warudi kwa uwiano wa zamani. Kule kwenye hifadhi ya Gorongosa, Msumbiji, vita vilivyoisha 1992 viliacha chini ya asilimia 10 ya wanyama wakubwa. Sensa ya angani ya 2018 ilikuta kuro, swala wakubwa wapendao maji, zaidi ya 50,000, wengi mno kuliko kabla ya vita, wakati nyati, ambao zamani walikuwa miongoni mwa wanyama waliotawala, walikuwa bado nyuma sana. Hilo linajulikana kwa sababu hesabu za zamani zipo. Bila hizo, mtu angeona makundi ya kuro akadhani pori limerudi kama lilivyokuwa.

Tahadhari kwa kifupi: waambie majirani kuna kamera, na picha za watu futa. Mnyama anayewindwa usimrushe mtandaoni na mahali alipo. Picha ya simu inaweza kubeba alama za eneo ndani yake hata kama hukuandika.

Kuhusu kusubiri vichaka vikomae: usisubiri. Wiki hii simika nguzo 6, piga picha pande 4 kutoka kila nguzo ili baadaye uone mimea ilivyobadilika, na anza mzunguko wa kwanza wa ndege kwa daftari tu. Kamera zije zikifika. Mimi zangu nilizifunga mwanzoni mwa mwaka wa 3, na safu ya nungunungu ina sifuri miezi 61 mfululizo. Mwezi wa 62 kamera ya pili ilimnasa saa 8 usiku, akifuatwa na mtoto. Nikiulizwa amekuja lini, nafungua daftari.