Maswali ya Wasomaji: Kusanifu Bustani ya Wanyama ya Ndoto

Toleo hili linawajibu wasomaji wanaosanifu, kwenye karatasi na kwa kujifurahisha tu, bustani ya wanyama ambayo wangeijenga endapo ardhi na fedha zisingekuwa kikwazo.

SWALI: Nimeigawa bustani yangu kwa mabara, na kila bara nimelipatia lango lake, rangi zake na wanyama wake. Jumla nina spishi zaidi ya mia mbili. Rafiki yangu anaupinga mpangilio huu. Wewe wauonaje?

JIBU: Niko upande wa rafiki yako, ingawa mpangilio wako una afadhali kuliko ule wa zamani, ambapo wanyama walitengwa kwa koo zao: jengo la paka wakubwa, jengo la nyani, jengo la ndege, kila mmoja ndani ya kizimba chake kwa mtindo wa makabati ya makumbusho. Mgawanyo wa mabara humpa mgeni walau habari ya mahali mnyama atokako. Kasoro yake ni kwamba bara moja huwa na jangwa, msitu wa mvua, kinamasi na hata mlima wenye theluji, kwa hiyo neno “Afrika” lililoandikwa juu ya lango halimwelezi mtu kwa nini twiga ana shingo ile, wala kwa nini muhanga ana kucha zile.

Wasanifu wengi wa leo hugawa kwa makazi. Burgers' Zoo ya Arnhem, nchini Uholanzi, ilijenga msitu wa mvua chini ya paa moja kubwa mwaka 1988, ikaongeza jangwa mwaka 1994 na bahari mwaka 2000. Bustani ya Zürich nayo, mwaka 2003, ilifungua ukumbi wa Masoala, wenye eneo la zaidi ya hekta moja, na kuutenga kwa ajili ya msitu mmoja tu wa Madagaska, ambamo lemuri na vinyonga huishi huru kati ya miti na mgeni aweza kupita kitambo kizima asimwone hata mmoja. Ujasiri huo naupenda sana.

Lakini kwa kuwa yako ni bustani ya ndoto, mimi ningekwenda mbele zaidi, nikawapanga wanyama kwa kazi waifanyayo. Chukua wachimbaji. Muhanga, nungunungu, nguchiro wa jangwani na fuko wasio na manyoya hawana undugu wa karibu, lakini wote maisha yao yamo ardhini. Basi mshushe mgeni kwa njia ya chini ya ardhi, ayaone mashimo yao kupitia vioo, kisha umpandishe juu auone udongo waliouchimbua. Udongo huo uwe wa kina, uwe wa kugeuzwa mara kwa mara, na chini yake utandaze wavu wa chuma, la sivyo wachimbaji watakuonyesha ustadi wao kwa kutokea nje ya uzio. Wapandaji wa miti nao wapewe kimo kabla ya kupewa upana. Katika bustani ya wanyama ya taifa iliyopo Washington, Marekani, tangu mwaka 1995 orangutani huvuka kwa mikono kutoka jengo moja hadi jingine, juu ya vichwa vya wageni, kwa nyaya nene zilizofungwa kwenye minara. Hapo hahitajiki mtu wa kueleza kwamba huyu ni mnyama wa mitini. Mada ambayo haimwachii mnyama nafasi ya kufanya kitu ni rangi ya ukutani tu, hata ikipambwa namna gani.

Ukikubali kigezo hicho, spishi zako mia mbili zitashuka zenyewe hadi arobaini au pungufu, kwa sababu wengi watakuwa wameingizwa ili kujaza ramani.

SWALI: Nataka simba na pundamilia waonekane katika mandhari moja, bila waya wala nondo. Je, inawezekana?

JIBU: Imewezekana kwa zaidi ya karne moja. Carl Hagenbeck, mfanyabiashara wa wanyama wa Ujerumani, alifungua bustani yake ya Stellingen, Hamburg, mwaka 1907, akiwa amepandisha ardhi kwa ngazi na kuficha mahandaki kati ya ngazi moja na nyingine, hivi kwamba mtu aliyesimama mbele aliona ndege wa majini, walao nyasi na simba kana kwamba wote wako uwanja mmoja. Ujanja wote ulikuwa katika mahali pa kusimama mtazamaji. Kwa hiyo chora kwanza njia ya mgeni, uamue jicho lake litakuwa kimo gani, ndipo uchimbe.

Zipo tahadhari mbili. Handaki pana hula ardhi ambayo mnyama angeitumia, na handaki la maji ni hatari kwa gorila na sokwe, ambao kwa kawaida hawajui kuogelea. Kingo zake ziteremke taratibu ili anayeteleza aweze kutoka. Pili, pundamilia hahitaji kumwona simba ili ahangaike, kwani harufu yamtosha. Zingatia uelekeo wa upepo, na umpe mahali pa kujiondoa. Mtaalamu wa Uswisi Heini Hediger, aliyeongoza bustani za Bern, Basel na Zürich, alisisitiza kwamba kila mnyama ana umbali ambao kiumbe mwingine akiuvuka, yeye hukimbia. Banda lisilo na nafasi ya umbali huo humweka mnyama katika hali ya kutaka kukimbia siku nzima.

SWALI: Katika sehemu yangu ya Barafu nimewaweka pengwini pamoja na dubu weupe. Je, nimekosea?

JIBU: Umewakutanisha viumbe ambao dunia yenyewe imewatenganisha, dubu wakiwa kaskazini kabisa na pengwini karibu wote wakiwa kusini mwa ikweta. Zaidi ya hayo, pengwini wengi hawaishi kwenye barafu. Wa Humboldt huzaliana katika pwani kavu za Peru na Chile, ambako mkondo wa baridi huleta samaki wengi. Mkondo huo ungekuwa mada nzuri kuliko barafu: ufuo wa mawe, ndege wa pwani, simba-bahari katika bwawa lao, na maji yenye mawimbi ya kweli. Ukisisitiza kuwa na pengwini wa Antaktika, tenga fedha nyingi kwa ajili ya hewa iliyochujwa, kwa sababu ukungu uitwao aspagilasi huwaua kwa ugonjwa wa mapafu, na pia kwa taa zinazofuata urefu wa mchana wa kwao.

Dubu ningemwacha. Utafiti wa Ros Clubb na Georgia Mason, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kwamba walanyama wanaozurura mbali porini ndio wanaoteseka zaidi kifungoni, wakipiga hatua zile zile kwenda na kurudi, na dubu mweupe alikuwa miongoni mwa walioathirika vibaya.

SWALI: Wanyama wa usiku wageni watawaonaje mchana?

JIBU: Geuza saa: taa kali usiku, mwanga hafifu mchana. Au ufungue jioni, kama bustani ya Night Safari ya Singapore ilivyofanya tangu mwaka 1994.

SWALI: Nimebakiwa na chumba kidogo tu kando ya lango. Nikitumieje?

JIBU: Kifanye chumba cha manyunyu, na ukikitunza vizuri kitazidi sehemu zako zote kwa maana. Chura wa Kihansi, kiumbe mdogo kuliko kidole gumba, aliishi Tanzania tu, katika mvuke wa maporomoko ya mto Kihansi. Bwawa la umeme lilipopunguza maji, mvuke ukapungua. Mwaka 2000 vyura wapatao 500 walipelekwa Marekani, na bustani za Bronx na Toledo zikawazalisha chini ya mitambo ya kunyunyizia maji. Mwaka 2009 walitangazwa kuwa wametoweka porini, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurejeshwa kwao. Hapo mada na hitaji la mnyama ni kitu kimoja.

SWALI: Kwa kuwa ni ndoto, naruhusiwa kumweka dodo?

JIBU: Ruhusa unayo, ila msanifie kwa dhati. Huyu alikuwa ndege wa Morisi asiyeruka, aliyetaga chini, na panya, nguruwe na nyani walioletwa na meli walisaidia kummaliza katika karne ya 17. Uzio wako, basi, usijishughulishe na kumzuia dodo asitoke. Uzuie panya wasiingie, ambayo ni kazi ngumu zaidi, na duka la vyakula vya wageni uliweke mbali naye.